Mchanga Uliokataa Kulala

Kwa siku tatu mfululizo vigae vilitoka na matuta, na lawama zote zikamwangukia fundi wa meza. Kazi yake ilikuwa kumwaga mchanga wa rangi kwenye sinia pana la chuma, kuwasha meza itikisike mpaka mchanga ulale sawasawa, kisha kumpitishia sinia shangazi yake, aliyemimina saruji juu.

"Mkono wako umekuwa mzito," alisema msimamizi, ambaye karakana nzima ilimwita Rula kwa vile hakukosa rula mfukoni.

"Mkono wangu ni ule ule wa miaka tisa, bosi. Kilichobadilika ni mota ya meza."

Asubuhi ya siku ya nne fundi alimwaga mchanga mkavu, kimo cha ukucha tu, akawasha, akainama pua ikikaribia kugusa chuma. Mchanga haukulala. Ulijipanga mistari kama shamba lililolimwa kwa kamba. Akapunguza kasi kidogo. Mistari ikavunjika, ikaja miraba, safu kwa safu, sinia zima.

"Shangazi! Ya leo kali, njoo!"

Shangazi alikuja akijifuta mikono. "Umechora kwa nini?"

"Sijagusa kitu."

Shangazi akainama naye, akaanza kuhesabu miraba kwa kidole.

Rula alifika amenuna. Akapima mraba mmoja, akapima wa pembeni, akapima wa mwisho kabisa: sentimita tatu, tatu, tatu. Uso ukamlegea. Akatoa simu, akapiga video, akaichezesha polepole, nao wakaunganisha vichwa kuitazama. Kila kilima kiliporomoka kikawa shimo, na kila shimo likainuka likawa kilima. Meza ikitikisika mara mbili, mchanga unarudi ulipoanzia.

"Nani anaziambia punje zijipange?" Rula aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakuna. Zinarushwa, zinaanguka, zinasukumana. Basi." Fundi alijibu bila kuondoa macho kwenye simu.

Alishusha kasi taratibu hadi miraba ikafifia na mchanga ukatulia kama shuka iliyopigwa pasi. Rula akachora alama ya chaki kwenye swichi ya kasi, pale ilipofikia.

"Nilikuonea, dada. Nisamehe."

"Yameisha."

Kufikia mchana vigae vilitoka laini, bila tuta hata moja. Shangazi ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Ipandishe tena, mwanangu. Mara moja tu."

Fundi akazungusha swichi hadi ikapita alama ya chaki. Wenzao wakaacha mabeleshi, wakaizunguka meza, na hata Rula hakuwauliza kwa nini wamesimama.