Mayai ya Kibisi

Fundi cherehani alikuwa ameoa mwalimu mkuu, na kwa hilo hakuwa na malalamiko. Mkewe alikuwa amestaafu shule, ila shule yenyewe haikuwa imemtoka. Hata kuku wa pale nyumbani waliingia bandani kwa mstari. Watu wote walimwita Mwalimu, na mumewe naye akafuata mkumbo.

Mwalimu ndiye aliyekaa na ufunguo wa bwawa. Lilikuwa bwawa dogo, tuta la udongo lililoziba bonde juu ya mashamba. Upande wa ndani, kwenye maji ya kina kifupi, matete yalikuwa yameota yenyewe. Wakaja samaki, wakaja ndege kufuata samaki, wakaja na kenge kufuata mayai ya ndege. Chini ya tuta palikuwa na bomba lenye koki kubwa ya gurudumu, imefungwa kwa mnyororo na kufuli. Wakulima walipokutana kumchagua mshika ufunguo, walitaka mtu asiyebembelezeka. Kikao kilikuwa kifupi.

Shida ni kwamba Mwalimu alikuwa na kaka, na kaka huyo alilima nyanya chini ya bwawa. Alizilima kwa moyo mmoja, miaka nenda miaka rudi, hata watoto wa dada yake wakamwita Mjomba Nyanya, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alibaki akijiuliza ni undugu gani huo. Alikuwa amefiwa na mke. Tangu msiba ule alikula chakula cha mchana kwa dada yake, na hakuna aliyewahi kumwambia aache.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Bwawani palikuwa na nguzo yenye alama nyekundu: maji yakishuka hadi pale, koki haifunguliwi tena, ili samaki wabaki na mahali pa kuishi. Mjomba Nyanya alikwenda kuchungulia, akakuta maji bado yako juu ya alama kwa upana wa kiganja. Nyanya zake zilikuwa zimeshaanza kuzaa na majani yanajikunja. Akaenda kwa dada yake kuomba afungue.

Mwalimu alikataa. Kulikuwa na kibisi, alieleza, kale kandege kadogo kama kifaranga cha bata kilichoamka na hasira, na kametaga kule kwenye matete. Kiota chake kinaelea. Maji yakipungua kidogo tu kiota kitakaa juu ya tope, na kenge atatembea kwa miguu yake hadi kwenye mayai kama mtu anayekwenda dukani. Perege nao walikuwa wamechimba vishimo vyao vya kuzalia palepale.

Mjomba Nyanya alisema sheria ni alama, na alama bado. Mwalimu alisema walioweka alama hawakumshirikisha kibisi. Mjomba akasema hata yeye hakushirikishwa kibisi alipotaga. Kuanzia hapo hawakusemeshana tena.

Hawakusemeshana, lakini kula Mjomba aliendelea kuja kula. Mezani walitafuna kimya, Fundi akiwa katikati, akipeleka bakuli huku na huku. Maneno yenyewe yalipita barazani, penye cherehani. Asubuhi Mjomba akielekea shamba aliacha ujumbe wake pale. Mwalimu akirudi kutoka bwawani aliupokea na kuacha wake.

"Mwambie mkeo," Mjomba alisema siku ya kwanza, "tulipokuwa tunazibua mfereji sikumwona huyo ndege na jembe."

Fundi aliyafikiria maneno hayo huku akikanyaga pedali. Aliona hayabebeki yalivyo. Kazi yake ilikuwa kupunguza nguo zilizozidi, na mkono ulikuwa umezoea. Mwalimu aliporudi akamwambia kaka yake anamuulizia yule ndege.

Mwalimu alisimama. "Anamuulizia nini?"

Hilo Fundi hakuwa amelipanga. "Anaendeleaje," alisema.

Mwalimu alitazama upande wa shambani. Kisha akasema, "Mwambie mayai ni manne."

Kesho yake Fundi alifikisha kwamba mayai ni manne. Mjomba aliona anakejeliwa, akasema mkewe Fundi aambiwe kwamba nyanya hazina hesabu na zote ziko njiani kufa, na kwamba moyo wa mtu huyo ni kama tuta la bwawa, haupitishi hata tone. Ujumbe ule ulipomfikia Mwalimu ulikuwa umebaki mfupi: kaka yako ana huzuni. Mwalimu akajibu kwa sauti ya chini kidogo kwamba hata yeye halali vizuri.

Mambo yakaenda hivyo siku kadhaa, na Fundi akaanza kujiona mtu wa maana. Halafu jino la Mwalimu likaanza kuuma. Ilibidi aende mjini kutibiwa, na ingebidi arudi huko tena na tena, na yeye ndiye aliyekuwa akilinda kiota mchana, wakati kenge hutoka. Alisimama barazani, amejishika shavu.

"Kama kaka anajali kiasi hicho," alisema, "mwambie aende akalinde."

Fundi alijua ujumbe huo hauwezi kufika ulivyo. Mjomba angeuliza kujali kupi. Hapo hakupunguza tena. Hapo alishona nguo mpya. Alimwambia shemeji yake kwamba Mwalimu amelegea: alinde mayai hadi yaanguliwe, na siku hiyohiyo koki itafunguliwa.

Mjomba Nyanya alimtazama muda mrefu. "Amesema hivyo?"

"Jino linamuuma," Fundi alisema, na kwa kiasi fulani huo ulikuwa ukweli.

Basi Mjomba akabeba jembe akaenda kukaa juu ya tuta. Siku za mwanzo alirudi analalamika kwamba hakuna cha kuona huko ila maji yaliyokatazwa. Baadaye akaacha kulalamika. Akawa anachelewa kuja kula. Mchana mmoja, katikati ya chakula, alisema bila kumlenga mtu, "Akiondoka anayafunika. Anachukua majani mabichi anayafunika, usingejua kuna yai."

"Huwa anayafunika," Mwalimu aliiambia sahani yake.

Fundi aliacha kutafuna. Kisha wote watatu wakaendelea kula.

Kenge alikuja siku ya tatu baada ya hapo. Fundi alipata habari zake kupitia suruali. Mjomba alifika barazani amelowa hadi kifuani, suruali imechanika kuanzia goti hadi mfukoni, akaomba ishonwe. Fundi aliuliza kenge yuko wapi. Amekwenda zake, Mjomba alisema. Fundi akauliza jembe liko wapi.

"Limebaki," Mjomba alisema. "Nilimrushia."

Alingoja amejifunga kitambaa cha pazia la mteja hadi suruali ilipokwisha, akarudi bwawani.

Mayai yaliangulika wiki ile ile. Mjomba Nyanya alikuja mbio, akampita Fundi na cherehani yake bila salamu, akaingia moja kwa moja jikoni.

"Dada, wametoka," alisema. "Wana mistari kichwani. Mama yao amewapakia mgongoni anaogelea nao. Haya, sasa fungua."

"Nifungue nini?"

"Koki. Si uliahidi?"

"Nimeahidi lini?"

Barazani Fundi aliyasikia maneno hayo vizuri kabisa. Alichukua kopo la mafuta akaanza kuilainisha cherehani, ingawa alikuwa ameilainisha jana yake. Walipotoka walitoka pamoja, bega kwa bega, na kwa mara ya kwanza aliona jinsi walivyofanana midomo.

Alisema yote. Alirudia kila ujumbe kama ulivyotoka na kama ulivyofika, hata ule wa moyo na tuta, ambao Mwalimu aliusikiliza huku akimtazama kaka yake, na kaka yake akitazama dari.

"Nilikuwa napunguza tu," Fundi alisema.

"Na la koki?" Mwalimu aliuliza.

"Hilo niliongeza."

Hawakumgombeza. Waligeuka wakaelekea bwawani, naye akafuata nyuma, maana kubaki kungeonekana vibaya zaidi. Mwalimu alitoa ufunguo kifuani akafungua kufuli. Akashika gurudumu.

"Ngoja," Mjomba alisema. Alikuwa amepanda juu ya tuta. "Ukifungua yote, wale samaki wadogo kwenye vishimo watakauka. Na hawa vifaranga hawajui kupiga mbizi bado."

"Wewe si unataka maji?"

"Nayataka. Lakini si namna hiyo."

"Nyanya zitakufa, kaka."

"Mistari ya mwisho ife. Ile haikuwa mizuri."

Mwalimu alisema ile mistari ndiyo aliyokuwa akiipanda marehemu wifi yake, na hataki kuiona imekufa. Mjomba alisema huyo wifi mwenyewe angeiacha. Walibishana hivyo hadi jua likaanza kushuka, kila mmoja ameshika upande aliokuwa akiupinga jana. Mwisho Fundi alikohoa, akasema pengine wafungue kidogokidogo, kila jioni, huku wakitazama kina. Wote wawili wakamwambia hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake jioni walifungua kidogo. Wakafanya hivyo hadi mvua ziliponyesha. Mistari ya mwisho ilikufa nusu, nusu ikapona, na nyanya zake zilikuwa ndogo lakini tamu. Vibisi watatu walikua. Wa nne hakuna aliyejua alikopotelea, na Mjomba hakupenda kuulizwa.

Kwenye mkutano uliofuata wa wakulima, Mjomba Nyanya alisimama akataka alama ya pili iwekwe, juu kidogo ya ile nyekundu, kwa majira ya kutaga. Akaeleza kibisi anavyofunika mayai, na perege anavyochimba, na kenge anavyopita, akaeleza tena, hadi watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mkutano ukapitisha ili akae chini.

Rangi iliyopatikana dukani ilikuwa ya kijani tu, basi alama ikawa ya kijani. Mjomba aliingia majini kuipaka, Mwalimu akaelekeza kutoka tutani, na Fundi akapewa kopo la rangi alishike. Aliona mstari unapinda upande wa kushoto. Akauacha upinde.