Kamera Iliyovishwa Sufu

Baba alizikataa picha zote za Ulises. Binamu yetu huyo kazi yake ni kuwapeleka watalii jangwani kule San Pedro wakatazame nyota, na alikuja nazo hospitalini Antofagasta zikiwa zimejaa kwenye simu. Baba alizitazama moja moja, mrija wa oksijeni puani, kisha akamrudishia simu yake.

"Hii mbingu ya watalii," alisema. "Mimi nataka ya kwangu."

Ya kwake ni ile iliyo juu ya zizi letu la Caspana, kule mlimani ambako daktari alishasema hatapanda tena. Mapafu yamekwisha. Vumbi la mgodi wa salfa alilivuta akiwa kijana, nalo likamwacha alee watoto, azike mke, azeeke, ndipo likaja kudai chake. Mimi lilinikasirisha hilo, yeye hapana. Aliomba kitu kimoja tu: amwone lama wa mbinguni akishuka kunywa maji nyuma ya zizi, na mtoto wake chini ya tumbo akinyonya, halafu afe.

Lama huyo, mfano wa wale wanyama wa sufu wenye shingo ndefu tunaowafuga, hakuundwa kwa nyota. Watu wengine huunganisha nyota kwa mistari wakapata nge, wakapata mwindaji. Wanyama wetu sisi ni weusi, wako katikati ya ule mto mweupe wa mbinguni, pale pasipo na nyota. Lama ana nyota mbili tu, nazo ni macho. Ikifika Septemba, giza likiingia, huinamisha shingo nyuma ya kilima chetu kama anayefuata kisima. Baba alianza kumtazama pale tangu hajaota ndevu.

"Basi nitampiga picha mimi," alisema dada yangu Nolfa.

"Wewe?" nikamuuliza. "Wewe uliyekata vichwa vya maharusi wote?"

"Afadhali mimi niliyekata vichwa, Mino. Wewe kamera hujaishika."

Baba alicheka mpaka akakohoa, na muuguzi akatutoa nje. Huko ukumbini Ulises akamkabidhi Nolfa kamera na stendi yake ya miguu mitatu, akaanza kumpa somo.

"Gizani hiki kitu ni kipofu. Ukikiachia kitafute chenyewe, kitahangaika mpaka kuche. Kwa hiyo unazima fokasi ya otomatiki, hapa. Alama hii ya mbali kabisa kwenye lenzi usiiamini, ni mwongo. Tafuta nyota kubwa, ikuze kwenye kioo, zungusha pete hii polepole mpaka nyota iwe ndogo kabisa. Ukiipitisha itavimba tena, rudi nyuma. Ikishakuwa kitone, basi. Pete usiiguse tena."

"Nisiiguse."

"Hata kidogo. Unywele mmoja tu, umeharibu kila kitu."

Tulifika Caspana mchana. Shangazi Eduvina, mdogo wake baba, ndiye anayechunga kundi sasa. Alitupikia supu ya mahindi na nyama kavu, akaizunguka kamera mezani kwa mashaka, akauliza kama inakula. Hospitali ilikuwa imetuma ujumbe: baba amezidiwa, tusikae. Kwa hiyo jioni ilikuwa hiyo hiyo moja, na alfajiri tungeshuka.

Giza lilipoingia tulitoka nje, tukaenda zizini. Baridi ilikuwa ya kuuma meno. Nolfa alifunga stendi, akazima alichoambiwa azime, akaielekeza kamera moja kwa moja kwenye mgongo wa lama, kwa kuwa huyo ndiye tuliyemfuata. Kioo kikabaki cheusi. Akazungusha pete huku na huku, kikabaki cheusi vile vile.

"Huoni kitu kwa sababu umelenga pasipo na kitu," nikasema.

"Pana lama hapo."

"Lama ni giza, Nolfa."

"Kamwambie baba hivyo."

Shangazi Eduvina alikuwa ameketi juu ya ukuta wa zizi, anatafuna majani yake ya koka. "Mlisema Ulises alitaka nyota kubwa," akasema. "Mtazameni jichoni. Mnyama hutazamwa jichoni, au hamkufundishwa?"

Nolfa akasogeza kamera chini, kwenye jicho. Alipolikuza lilijaza kioo, duara kubwa limevimba, halina ukingo. Akashika pete kwa vidole viwili. Duara likapungua, likawa punje ya dengu, likawa punje ya mchanga, likavimba tena. Akarudi nyuma. Na hapo likatulia: kitone kikali cheupe, na mimi ninayemtania kila siku nilimwekea dada yangu mkono begani nikamwambia, "Umempata."

"Subirini," alisema shangazi.

Kwetu hakuna kazi inayoanza mikono mitupu. Lama mpya akiingia kundini anafungwa sufu ya rangi masikioni, lori jipya linafungwa kwenye kioo cha pembeni, hata mashine ya kushonea ya marehemu mama ilifungwa. Tukainama wote watatu, tukammwagia Pachamama, mama yetu ardhi, divai na majani ya koka, tukamwombea baba. Shangazi akatoa mfukoni uzi wa sufu nyekundu na njano aliousokota mwenyewe. Kamera haina masikio, basi akaivisha shingoni. Akauzungusha kwenye lenzi mara mbili, akakaza fundo kwa nguvu, jinsi unavyomkazia mnyama asije akaudondosha.

"Sasa fanya kazi yako, binti yangu," akaiambia kamera.

Nolfa alipiga picha mpaka betri ikafa kwa baridi. Kila ilipotokea moja kwenye kile kioo kidogo tulikuwa tunasukumana tuione: zizi, kilima, mto mweupe, na lama ndani yake. Nolfa alilia. Shangazi akasema ndiye hasa, hata shingo ni yake.

Asubuhi tulipita Calama kwenye duka la kuchapisha picha. Tulitaka kubwa, ya kutundikwa mbele ya kitanda. Mashine ikaitoa taratibu, na yule binti wa dukani akainamisha kichwa.

"Mlitaka iwe hivi?" akauliza. "Au mlipiga kupitia pazia?"

Kila nyota ilikuwa imevimba. Zilikuwa zimemwagikiana kama maziwa, na weusi wa lama ulikuwa umeliwa pande zote, umebaki moshi. Mtoto hakuwepo kabisa. Binti alitukuzia picha nyingine zote kwenye kompyuta yake, na zote zilikuwa hivyo. Nolfa akampigia Ulises simu, akaweka spika.

"Uliigusa pete," alisema Ulises.

"Sikuigusa. Nakuapia, niliiacha kwenye kitone."

"Basi kuna aliyeigusa."

Shangazi Eduvina, aliyekuwa ameshuka nasi kumwona kaka yake, alikuwa akiutazama ule uzi ambao bado ulikuwa shingoni mwa kamera.

"Mimi ndiye niliyefunga," akasema.

"Siyo wewe, shangazi," alisema Nolfa. Ilikuwa ni yeye, sote tulijua, na mimi nilitaka kupiga kitu teke. Ukiuliza nani mwenye makosa hapo hupati mtu wa kumkasirikia, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kurudi mlimani hatukuweza. Muuguzi alikuwa amepiga simu mara mbili.

Tulimkuta baba macho wazi. "Mmekuja naye?" akauliza, kabla ya salamu. Nolfa hakuwa na la kufanya ila kuikunjua picha. Nikampachika baba miwani.

Alitazama. Akataka isogezwe karibu, tukaisogeza. Akataka irudi nyuma, tukairudisha. Akavua miwani, akaifuta kwa shuka mwenyewe kwa mikono isiyo na nguvu, akaivaa tena.

"Mtoto yuko wapi?"

"Picha imeharibika, baba," alisema Nolfa. "Haikutoka kali. Kosa ni letu."

"Zizi langu silioni ukingo wake."

"Ni picha, kaka," alisema shangazi Eduvina. "Nakuapia kwa marehemu mama. Mimi niliiharibu, niliifunga sufu. Macho yako ni mazima."

Baba alimtafuta dada yake kwa mkono, akampapasa shavuni. Alikuwa akitabasamu, na lile tabasamu nililijua: ndilo alilokuwa akitupa tulipokuwa wadogo na kumletea uongo wa kitoto.

"Mmekuwa watu wazima kweli," akasema. "Mmejua hata kunificha upofu wangu."

"Hatukufichi, baba," nikasema. "Muulize Ulises. Muulize yeyote."

"Sawa, Mino. Sawa."

Akavua miwani, akakunja vishikio vyake vya waya, kimoja, kisha cha pili, akanipa.

"Mpe mtu anayeona," alisema, akageukia ukutani.