Mwalimu wa Ukutani

Kengele ya kipindi cha pili ilipolia, msimamizi wa darasa alipangusa vumbi kwenye skrini kwa kiganja chake, akabonyeza kitufe, na mwalimu wa sayansi akatokea ukutani na shati lake la mistari. Alikuwa amerekodiwa zamani, mbali na hapo. Shule haikuwa na mwalimu mwingine wa sayansi. Mkuu wa shule alikuwa ameomba mmoja hadi akachoka kuomba.

Watoto walimzoea. Mwishoni mwa kila somo aliuliza, "Kuna swali?" akanyamaza kidogo, akatabasamu, akasema, "Vizuri sana. Tuendelee." Nao wakaendelea. Polepole wakaacha kuuliza maswali hata nyumbani. Wazazi wengi walishukuru, wakasema shule imewatia adabu. Mama mmoja tu, fundi cherehani, alikosa usingizi. Binti yake aliitwa Mbona tangu ajue kusema, maana ndilo neno aliloanza nalo kila jambo. Sasa mama akizungumza, binti alimtazama mdomo hadi amalize, kisha akanakili daftarini.

"Mwanangu, mbona umeishiwa na mbona?" mama aliuliza huku akitunga uzi.

"Yule mwalimu hasikii, mama. Nikinyoosha mkono hanioni."

"Wewe nyoosha tu. Kunyoosha mkono hakulipiwi nauli."

Mbona akanyoosha. Alinyoosha siku ya somo la sumaku, akanyoosha siku ya mizizi, wenzake wakamcheka hadi kicheko kikawaishia. Siku ya somo la vivuli, mwalimu aliuliza, "Kuna swali?" akanyamaza, akatabasamu, akafumbua mdomo, kisha akaufunga. Akainama mbele.

"Ndiyo, wewe wa dirishani. Pole, umesubiri sana."

Mbona akasimama. "Mwalimu, mbona umesema kivuli ni giza tu? Changu jana kilikuwa cheusi katikati, lakini pembeni kilififia."

Mwalimu alikuna kidevu. "Hilo sikuliandaa. Tokeni nje mkaangalie, mje mnieleze. Nawasubiri."

Walitoka mbio. Waliporudi wakibishana, walimkuta ameketi pembeni mwa meza yake. Wengine walisema jua ni pana, si nukta, ndiyo maana ukingo unafifia. Wengine wakakataa katakata. Aliwaachia, wakabishana hadi darasa la jirani likaja kuchungulia.

Tangu hapo vipindi vilichelewa kwisha. Fundi wa mitambo aliitwa, akafungua vifuniko, akasema kifaa ni kizima, ila mwalimu ameomba maji. Wakamwekea glasi kwenye rafu chini ya skrini. Jioni glasi ilikuwa tupu.

Nyumbani kwa fundi cherehani, maswali yalirudi kama maji ya bomba baada ya mgao, kwa kishindo na kutema hewa.

"Mama, mbona sindano ya cherehani ina tundu nchani, na ya mkono ina tundu kisogoni?"

Mama alisimamisha cherehani. Alikuwa hajawahi kulifikiria. Alifurahi hadi akakosea mshono.

Matokeo ya mtihani yalipotoka, shule ilikuwa ya kwanza, na ya pili ilikuwa mbali. Watoto walimbeba Mbona juujuu kuzunguka uwanja, wakafungua madirisha yote ili mwalimu naye aone. Alipiga makofi hadi spika zikakwaruza.

Ofisa wa elimu alileta kombe. Mkuu wa shule akamvuta kando, akamkumbusha ombi la mwalimu wa sayansi.

"Si huyo hapo?" ofisa alisema, akionyesha ukutani. "Hali, halali, hahitaji nyumba, na sasa anasikia. Mnataka nini tena?"

"Anakunywa maji," alisema mkuu wa shule.

"Maji tutatoa."

Muhula uliofuata, mwalimu wa hesabu na yule wa jiografia walihamishiwa bohari ya vitabu. Kuta kati ya madarasa zilibomolewa, na watoto wa shule nzima wakabanana goti kwa goti mbele ya skrini ileile. Ilinyooshwa mikono mingi hata dari haikuonekana. Mwalimu wa ukutani aliitazama, akakunja mikono ya shati, akacheka kwa furaha.

"Haya," alisema. "Tuanzie nyuma kabisa."