Dada wa Maktaba

Chuoni kwetu Kibaha hakuna anayeniita Kudra. Nilianza nikiwa binti wa kurudisha vitabu rafuni, wakaniita dada wa maktaba. Nikaenda kusoma, nikarudi na shahada ya uzamili ya ukutubi, wakaniita dada wa maktaba. Mhadhiri akipata shahada kama hiyo, haitiki mpaka aitwe kwa cheo. Mimi siku niliyorudi niliombwa stepla.

Kutoka mkutubi msaidizi kuwa mkutubi kamili kunataka makala iliyochapishwa, yenye jina lako. Dokta Ponsiano wa idara ya elimu alilijua hilo, ndiyo maana alinijia na utafiti wake uliokwama, juu ya unyago na masomo ya wasichana wa Kisarawe.

"Tuandike wote, dada," akasema. "Jina lako litakuwa la pili."

Nikakubali kwa moyo wote. Nilimtafutia marejeo, kisha tukaenda vijiji vya Marui na Kibuta kuwahoji akina mama. Mambo ya unyago mwanamume haambiwi, kwa hiyo walizungumza na mimi, yeye akakaa kwenye gari akimenya machungwa. Hata mama yangu mzazi alizungumza. "Nasema kwa kuwa ni wewe," aliniambia. Sehemu yote ya mahojiano niliiandika mimi.

Makala ikatoka. Niliipokea mwenyewe, kwa sababu kuingiza machapisho mapya kwenye katalogi ndiyo kazi yangu. Mwandishi alikuwa Ponsiano peke yake. Chini kabisa, kwenye shukrani, baada ya dereva, palikuwa na maneno haya: "na dada wa maktaba, kwa msaada wake."

Nikamfuata ofisini kwake. "Jina langu unalijua, Dokta."

"Dada, usikasirike bwana. Kila mtu anajua ni wewe. Kwani maktaba yetu ina dada wangapi?" Akacheka, akaniuliza kama kile kitabu alichoagiza kimefika.

Nilimchukia pale pale, na mpaka leo namchukia.

Kamati ya kupandisha madaraja iliisoma makala, ikasema haimwoni Kudra Shomari. Ilisema kweli. Nikabaki msaidizi, Ponsiano akapanda kwa makala ile ile. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, wanasema, na kisu chenyewe nilikinoa mimi.

Idi ilipofika nikaenda Kibuta. Mama alikuwa ameshawatambia majirani kwamba mwanawe ameandika, na maneno yake yeye yamo humo. Hajui kusoma, lakini alikuwa amenipigia simu nisisahau kuja na makala. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yakiwa kwenye mkoba wangu.

"Nionyeshe lilipo jina lako," akasema. "Niliguse."

Mama alizika watoto watatu kabla yangu. Mimi nilipopona akasema hii ni kudra ya Mungu, na jina likawa hilo. Nilitamani kumdanganya, nikashindwa. Nikakishika kidole chake, nikakiweka kwenye shukrani, nikamsomea kama ilivyoandikwa.

Kidole hakukiondoa.

"Dada?" akasema. "Wenzio wote nimewazika, umebaki peke yako. Huyu ni dada wa nani?"