Nalianya Hajafa

"Mwalimu Jael, mimi nilikufa lini?"

Nalianya aliniuliza hivyo akiwa bado mlangoni mwa maktaba, simiti imemkaukia viatuni, simu mkononi. Ilikuwa Ijumaa saa saba mchana, saa ambayo angekuwa kazini kule Nyayo Highrise, alikokuwa akijenga ukuta. Sikumwelewa. Akaninyooshea simu. Juu kulikuwa na picha ya binti yake Trizah, wa gredi ya nane. Chini yake paliandikwa: "Tangu baba afariki, kalamu ndiyo mlo wangu."

Nilisoma mara mbili. Mimi ndiye niliyempeleka Trizah kwenye shindano la uandishi lililotoa maneno hayo.

Naendesha maktaba ya watoto hapa Kisumu Ndogo, Kibera, chumba kimoja nyuma ya kanisa. Tuna kompyuta nne, na kazi yangu kubwa ni kutafuta mtandaoni masomo ambayo watoto hawatayakimbia. Mengi yanachosha: mtu anasimama mbele ya ubao dakika arobaini, hacheki, haulizi. Mwaka jana nikapata video za hesabu, fupi, zenye mafumbo, na Trizah akanaswa. Jioni moja baba yake alikuja kumchukua, akasimama nyuma ya kiti chake, akakuta somo la uwiano.

"Si hii ni simiti na mchanga?" alisema. "Miaka kumi na saba nachanganya, kumbe ina jina!"

Tangu siku hiyo walikuwa wakija wote wawili Jumapili baada ya ibada. Binti anabofya, baba anabishana na video.

Kwa hiyo nilipoona shindano la uandishi lenye mada "Mtu Aliyenifundisha," nilijua Trizah ataandika kumhusu nani. Aliandika: "Baba yangu hugombana na sehemu za hesabu kama vile zimemkosea adabu, na zikimshinda huomba karatasi nyingine." Nilicheka peke yangu. Sikugusa hata nukta. Alishinda, akapewa tableti, na Alhamisi jioni waandaaji wakaiweka hadithi mtandaoni. Kumbe si ile aliyoandika. Katika hii, baba alikuwa amezikwa, mama anapika pombe ya chang'aa, na mtoto anasoma kwa mwanga wa taa ya jirani. Mama yake Trizah hushona sare za shule. Hajawahi kupika hata busaa.

"Binamu yangu aliiona Facebook," Nalianya alisema. "Akapigia mama yangu kule Kimilili kumpa pole. Majirani washaleta viti vya matanga, Mwalimu. Nimempigia mimi mwenyewe, amekata. Anasema ni tapeli anaiga sauti ya mtoto wake."

Aliketi kwenye kiti kidogo cha watoto, akafunika uso. Kwa hasira nikamwambia kesho tutawaendea.

Kesho yake tulienda Kawangware, sisi watatu: mimi, Nalianya na Trizah. Ofisi ya waandaaji iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mkuu wao, Simeon Kagiri, alisimama akitabasamu.

"Trizah! Nyota yetu! Na huyu ni uncle?"

"Huyu ni baba," Trizah alisema.

Kagiri aliketi. "Sawa. Mhariri wetu aliipiga msasa kidogo tu."

"Kupiga msasa ndio kuniua?" Nalianya aliuliza.

"Mzee, usichukulie vibaya. Wafadhili wanasoma hadithi mia tatu. Mtoto wa Kibera akisema ana furaha na baba yake na hesabu, wanapita. Wakilia, wanatoa. Unafikiri hiyo tableti ilitoka wapi?"

"Mama yangu ndiye analia! Amewekewa matanga ya mtu anayekula na kulala!"

Kagiri alivuta droo, akatoa fomu ya shindano, akaigeuza upande wangu. Kipengele cha tisa kiliwaruhusu kubadilisha hadithi watakavyo. Chini kulikuwa na sahihi yangu.

Nalianya alinitazama. "Ulisoma?"

"Sikusoma," nilisema. Nilikuwa nimefurahi sana siku ile hata nikasaini nikiwa nimesimama. Hasira niliyokuja nayo ikanigeukia.

Trizah ndiye aliyeongea. "Nani aliandika hiyo ya kalamu na mlo?"

"Ni timu," Kagiri alisema.

"Basi timu iweke jina yao. Yangu mtoe. Na picha."

"Tukitoa jina, hakuna zawadi. Uko sure?"

Trizah alikuwa ameshaitoa tableti kwenye begi. Aliiweka mezani, akaisukuma taratibu mpaka ikagonga kikombe cha Kagiri. Kisha akatoka nje, na baba yake akamfuata. Nilibaki nikimwambia Kagiri maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu, na sijayatubu mpaka leo.

Jumatatu jina la Trizah lilikuwa limetoka. Hadithi ilibaki. Sasa ni ya msichana anayeitwa Yvonne, miaka kumi na miwili, amepigwa picha kwa nyuma. Niliandika malalamiko kwenye ukurasa wao, wakanifungia. Nikafungua akaunti nyingine, wakaifunga nayo. Mara ya mwisho nilipotazama, watu elfu nne walikuwa wameweka alama za machozi.

Ilibidi Nalianya asafiri mpaka Kimilili ajionyeshe. Mama yake alimshika masikio yote mawili mbele ya majirani, akayavuta mpaka mwanawe akapiga kelele, ndipo mama akaamini.

Jumapili mbili hawakuja maktaba. Ya tatu wakaingia.

"Nilikukasirikia na wewe," Nalianya aliniambia.

"Una haki."

"Bado nimekasirika. Washa hiyo mashine."

Nilikuwa nimepata shindano lingine. Sikuwaonyesha mada wala zawadi. Niliwafungulia masharti, na Nalianya akayasoma kwa sauti, kidole kikitembea kwenye kioo, neno moja moja, akiuliza kila asiloelewa. Tulipofika kipengele cha nne, nacho cha kubadilisha hadithi, Trizah alitikisa kichwa.

"Hii hapana."

Nikafunga ukurasa, nikaanza kutafuta mwingine.