Matoka ya Kinamasini

Nduta alikuwa amechoka kuhurumiwa. Kwa miaka miwili na miezi mitatu alihurumiwa kambini, akahurumiwa kanisani, akahurumiwa na kila aliyemletea blanketi na kumpiga picha. Sasa alitaka shamba lake, basi.

Lilikuwa upande wa Kaptagat, ekari mbili zinazoteremka hadi kinamasini. Januari ya 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, nyumba iliteketezwa, na kabla mwaka haujaisha mumewe, Ephantus, akafia kambini. Hati ya shamba haikuwa imetoka. Walinunua kwa kikundi, na kikundi kilitawanyika. Mawe ya mpaka yaling'olewa. Nduta aliporudi kuuliza, jirani wa ng'ambo ya kinamasi, Kimutai, ambaye ng'ombe wake walikuwa wakinenepea pale, alimwambia mpaka uko hatua sitini kupanda juu. Hatua sitini! Mtu huyo alikuwa na macho makavu kweli.

Lakini mwaka wa sabini na nne, Ephantus na baba yake Kimutai walipopima mpaka huo, hawakutegemea mawe peke yake. Ephantus alifuata desturi ya babu zake: alipanda matoka, yale maua meupe ya majimaji yenye kitunguu kikubwa chini ya tope, mstari mmoja katikati ya kinamasi. Itoka la mpaka haling'olewi. Anayeling'oa hujiletea laana yeye na uzao wake. Kimutai, kijana wakati huo, ndiye aliyeshika kamba.

"Maua?" Kimutai alicheka mbele ya chifu. "Nyumba iliisha, maua ndio yatabaki? Sawa. Yakitoka, nitayafuata."

Alicheka kwa sababu alikuwa amechoma nyasi za pale mara mbili. Hakujua kwamba kitunguu cha itoka hulala chini sana, na moto hupita juu yake tu. Chifu akasema watakutana Alhamisi ya kwanza mvua zikishashika.

Jumatano mchana Nduta alikwenda kutazama, akisindikizwa na Amondi, muuguzi aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja kule mtaani Huruma. Matoka yalikuwa yametoka. Yalisimama meupe ndani ya maji ya kifundo cha mguu, mstari mmoja. Nduta alipiga kigelegele mpaka ndege wakaruka.

Kisha akaviona vigutu vya nguzo za ua wao zilizoungua. Vilikuwa hatua nne kupita matoka, upande wa Kimutai.

Alipima kwa miguu. Akapima tena. Katika hatua hizo nne ndipo alipokuwa akilima nduma, yale magimbi yaliyosifiwa hadi mtaa wa West Indies kule mjini. Ephantus, mzee wa kanisa, alikuwa amesogeza ua wa nguzo kimyakimya na kumwachia mkewe alime udongo wa wizi miaka thelathini.

"Mama, tuko peke yetu," Amondi akasema, akimpa jembe. "Tunayasongesha tu mpaka kwa hizo nguzo. Nani atajua? Umeteseka enough. Hata Mungu ataangalia kando."

Nduta aliingia majini, akashika itoka la kwanza shingoni, akavuta. Tope lilikaza. Alitaka Ephantus awe hai ili amgombeze kwa sauti ya kusikika mpaka mjini, na kwa kuwa hakuwa hai, alilia kwa hasira.

"Nikiling'oa hili," akasema, akiliachilia, "nitakuwa na mdomo gani wa kumwambia aliyeng'oa mawe?"

Alhamisi walifika chifu, Kimutai na majirani wachache. Kimutai aliyatazama matoka, kicheko kikamkauka. Kisha akaviona vigutu, akachangamka.

"Chifu, ona! Huyu Ephantus alikuwa ameniibia!"

"Hatua nne," Nduta akadakia kabla chifu hajafungua mdomo. "Nilizipima jana. Mume wangu alizichukua, na mimi nililima nikala. Ni zako, Kimutai, na nduma zote zilizoota humo chimba upeleke nyumbani. Nisamehe." Akavuta pumzi. "Hizo ni nne. Sasa na wewe nirudishie sitini."

Chifu alimgeukia Kimutai. Kimutai aliwaangalia ng'ombe wake, akaangalia chini, kisha akapiga mluzi. Ng'ombe walianza kuteremka mmoja mmoja, wakavuka matoka kwenda upande wao. Nduta alibaki amesimama kwenye mstari, maji yakimwingia viatuni, hadi ng'ombe wa mwisho akapita.

"Na ukishajenga," Kimutai akamuuliza kwa sauti ya chini, "huku utaishi na nani, Mama? Watu wako wote walienda."

"Na wewe," Nduta akasema. "Anza kuzoea."