Tahadhari kwa Sauti ya Brenda

Saa sita kamili mchana, Jumatatu ya kwanza ya Aprili, watu sabini na mmoja wa mji wa Pell Creek, Kansas, walikuwa wamekaa nje kwenye viti vya kukunja, nyuso zao zikielekea mlingoti ulio kando ya ghala la ngano. Brenda Penner aliwahesabu kupitia dirisha la ofisi ya dharura ya kaunti, kisha akawahesabu tena, maana mara ya kwanza alidhani amekosea. Juu ya mlingoti vipaza sauti vinne vilikohoa, na sauti yake mwenyewe ikatoka.

"Tahadhari. Kimbunga kimeonekana. Shukeni chumba cha chini ya ardhi sasa hivi. Kaeni mbali na madirisha. Msitoke mpaka mtakapoambiwa. Hili ni jaribio."

Hakuna aliyeshuka. Yakaja makofi. Mtu mmoja upande wa posta akapiga mluzi akitaka irudiwe.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la Pell Creek lilisikia vizuri kabisa, likaomba kijiko cha pili.

King'ora cha zamani kilikuwa kimekufa Januari, mota yake imeliwa na kutu. Mtambo mpya uliweza kusema badala ya kulia, kwa hiyo madiwani watatu wa kaunti walikaa kusikiliza sauti tatu zilizorekodiwa: ya Verlin Stucky, ofisa wa maafa, ya Opal Goertz, mwenye mkahawa, na ya Brenda, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea simu za dharura. Ya Verlin waliisikiliza kwa sekunde kumi. Ya Opal kwa sita. Ya Brenda waliisikiliza mara nne, kisha wakapiga kura wakiwa wamefumba macho.

Brenda alizaliwa Barnsley, Uingereza, mji wa makaa ya mawe, baba yake akiwa mchimbaji. Alipokuwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa na benki moja huko kwao, na haikupita wiki meneja akamhamishia chumba cha nyuma ili wateja wasimsikie akiongea. Meneja alisema lafudhi yake inanuka masizi. Miaka thelathini baadaye aliolewa na Lyle Penner, mkulima wa ngano, akahamia Kansas, na huko lafudhi ile ile, bila kuguswa hata irabu moja, ilichukuliwa kuwa ya jumba la malkia. Alijaribu kueleza. "Kwetu mimi naongea kama muuza samaki," aliwaambia. Wakamwomba aseme tena hilo la samaki.

Lyle peke yake ndiye aliyekuwa amepona. Baada ya miaka tisa ya ndoa, alikuwa mtu pekee katika kaunti nzima anayeweza kumkatiza mkewe katikati ya sentensi, na Brenda alimpenda kwa hilo.

Saa saba mchana siku ile Verlin aliingia ofisini na daftari lake. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyesema jambo ambalo hakulipima.

"Zamani king'ora kikilia," alisema, "mtu wa hapa anatoka kwanza barazani aangalie mawingu. Hiyo mila yetu, siigusi. Lakini wakishaangalia, theluthi yao walikuwa wanashuka. Leo ni sifuri."

"Sifuri kabisa?"

"Chini ya sifuri. Mzee Harvey Unruh alikuwa tayari yuko chini, anapanga chupa zake za matango. Akapanda juu. Anasema kule chini husikiki vizuri."

"Yule ana miaka themanini na minane!"

"Ngazi kumi na nne, mama. Bila fimbo."

Brenda alitazama nje. Watu walikuwa bado wanakunja viti, wakiongea kama wanaotoka harusini. "Na kikija cha kweli?"

Verlin alifunua ukurasa. "Mji una watu mia mbili na kumi na wanne. Mia moja watakuwa wamekaa kwenye viti."

"Nitakuwa nimewaua mimi."

"Kitakachowaua ni kimbunga."

"Huku wananisikiliza mimi, Verlin. Sitaki niwe kitu cha mwisho wanachokisikia."

Kesho yake alikwenda dukani kununua unga. Lorene Voth, mpiga kinanda wa kanisa, alimkuta kwenye rafu na kumshika mkono.

"Dada, binti yangu anaolewa Agosti. Tunaomba ile tahadhari yako ipigwe wakati bibi harusi anaingia."

"Lorene, yale ni maneno ya kuwaambia watu wasife."

"Najua! Ndiyo maana yana uzito. Hebu sema tena 'wasife'."

Brenda alirudisha unga kwenye rafu akaenda moja kwa moja kwa madiwani. Mwenyekiti wao, Galen Schrag, alikuwa muuzaji wa mashine za kuvunia, mtu mnene mwenye moyo mwema, ambaye mara zote alipomwona Brenda alivua kofia.

"Mwenyekiti, naomba sauti yangu iondolewe."

"Dada Brenda, unajua kaunti ya jirani wana nini? King'ora. Kinalia kama ng'ombe aliyekwama kwenye uzio. Sisi tuna wewe."

"Watu hawashuki."

"Wanajumuika. Miaka ishirini natafuta kitu cha kuwatoa watu hawa majumbani wakae pamoja nje."

"Nje ndiko wasikotakiwa kuwa!"

Diwani wa pili alimgeukia wa tatu. "Umesikia alivyosema 'nje'?"

Ombi lilikataliwa kwa kura tatu kwa sifuri, na kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba mwombaji alishukuriwa kwa kulileta kwa mdomo badala ya maandishi.

Verlin alishauri ukali. "Wakaripie," alisema. "Mtu hakai kitini akitukanwa." Brenda aliona wazo hilo lina mantiki. Akarekodi upya, kwa sauti ambayo baba yake aliitumia kwa farasi wa mgodini: "Nyanyukeni, magunia ya viazi nyinyi! Shukeni chini kabla upepo haujawabeba pamoja na ujinga wenu!"

Jaribio la Mei lilitoa watu tisini na sita nje. Kufikia Ijumaa, duka la vyakula vya mifugo lilikuwa linauza fulana zilizoandikwa GUNIA LA VIAZI kifuani. Galen alivaa yake kanisani. Brenda alipomkuta mlangoni hakusalimia, akapita. Nyuma yake alimsikia akimwambia mkewe kwa majonzi, "Leo hata tusi moja hajanipa."

Ikabaki Opal. Mwenye mkahawa huyo alikuwa na sauti kama msumeno kwenye bati. Wateja wake walikunywa kahawa haraka wakaondoka, na ndiyo sababu meza zake hazikukosa nafasi. Verlin alikuwa na mamlaka ya kufanya jaribio moja la ziada kwa mwaka. Alilitumia Jumatano ya tarehe kumi na tano Mei, kwa sauti ya Opal. Watu mia moja na arobaini walishuka chini ndani ya dakika mbili, wengine wameziba masikio kwa vidole. Verlin aliandika tarakimu hiyo, akaipigia mstari, na kwa mara ya kwanza Brenda aliona meno yake ya chini.

Simu za malalamiko zilikuwa hamsini na nane. Zote zilipokelewa na Brenda, kwa kuwa ndiye mpokea simu, na kila mlalamikaji alipogundua hilo alirefusha malalamiko. Jioni ile ile madiwani walimrudisha mlingotini.

Opal hakukasirika. Alikuwa anafuta kaunta Brenda alipokwenda kumwomba radhi.

"Waache," alisema. "Mimi nikiona wingu la kijani, lile la kimbunga, nashuka. Sisubiri hotuba ya mtu, hata yako, usinielewe vibaya. Kwangu mimi unaongea tu kama mtu mwenye mafua."

"Asante, Opal," Brenda alisema, na alimaanisha.

Alhamisi, tarehe sita Juni, saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni, redio ya ofisi ililia. Verlin alikuwa ndani ya gari lake maili nane kusini-magharibi.

"Kiko ardhini," alisema. "Kipana. Kinakuja kikifuata reli. Una dakika kumi na moja."

Simu ya mezani ililia saa hiyo hiyo. Lyle, kutoka shambani. "Nimeshashuka. Na wewe shu—"

"Nimesikia!" Brenda alisema, akakata simu.

Alibonyeza kitufe cha tahadhari. Sauti yake ikaenea mjini, na milango ikafunguka mtaa mzima. Anga ilikuwa rangi ya kijani ya chupa ya bia. Watu walitoka na viti. Lorene alikuwa na mwavuli. Mzee Harvey alikaa barazani kwake na blanketi miguuni. Galen, ndani ya fulana yake, alikuwa na mfuko wa mbegu za alizeti. Brenda alizima rekodi, akashika maikrofoni mwenyewe.

"Hili si jaribio! Mnanisikia? Si jaribio! Kinakuja kweli, kiko maili saba!"

Wakatabasamu. Alifungua dirisha, na kutoka barabarani akasikia mwanamke akisema, "Leo ni mubashara, jamani!" Viti vikasogezwa karibu na mlingoti.

Alisihi. Aliwataja kwa majina, mmoja mmoja, na kila aliyetajwa alinyoosha mkono kwa fahari. Alilia kidogo, na hilo likawa kosa: mstari wa mbele walitoa leso. Saa kumi na moja na dakika kumi na tano alihesabu viti mia moja na vitatu. Nyuma ya ghala la ngano, wingu lilikuwa limefika chini.

Ndipo alipokata maikrofoni ili apumue, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Mlingoti uliponyamaza, nyuso zilibadilika. Watu walitazamana. Galen aliacha kutafuna. Mzee Harvey alisimama. Katika miezi yote hiyo, hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza Brenda kuona hofu katika mji wa Pell Creek.

Aliacha kimya kiendelee mpaka akahesabu kumi. Kisha akawasha.

"Yaliyobaki," alisema polepole, "nitayasomea chumba cha chini cha Kanisa la Methodisti. Naanza baada ya dakika tatu. Atakayechelewa atakosa mwanzo."

Alizima mtambo, akachukua rafuni kitu cha kwanza chenye maandishi, akakimbia kuvuka barabara. Hakuhitaji kuangalia nyuma. Alisikia viti vikianguka, na watu wakiitana kutoka nyumba hadi nyumba.

Ngazi za kanisa zilikuwa nyembamba. Wanaume wawili walimteremsha Mzee Harvey akiwa juu ya kiti chake, naye akiwahimiza kama anayeendesha mkokoteni. "Twende, twende, mnanikosesha!" Lorene alimpiga Galen kiwiko kwa ajili ya nafasi ya mbele. "Mwenyekiti kitu gani? Huku chini hakuna mwenyekiti!" Watu waliokuwa bado majumbani, waliosikia tu kwamba kuna kitu wanakosa, walifika wamevaa aproni, wengine na sabuni usoni. Saa kumi na moja na dakika ishirini na moja Verlin aliingia wa mwisho, akaburuta mlango wa chuma, akaufunga kwa komeo.

Brenda alipanda kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo. Kitu alichokuwa ameshika kilikuwa kijitabu cha maelekezo ya tangi la maji moto la ofisi.

"Hongera kwa kununua tangi hili," alisoma. "Kabla ya kuliwasha, hakikisha limejaa maji."

"Ah," mtu alisema gizani, maana taa zilikuwa ndiyo kwanza zimezimika. Galen akawasha tochi na kuinyanyua juu ya ukurasa kwa heshima.

Saa kumi na moja na dakika ishirini na tatu kimbunga kilipita juu yao. Kwa dakika mbili kelele ilikuwa kubwa kuliko sauti yake. Vumbi lilidondoka darini, na kitu kizito kilivunjika juu, kisha kingine. Watu walisogea mbele ili wasipitwe na neno. Brenda alisoma kuhusu valvu ya usalama, akarudia kuhusu valvu ya usalama, kwa kuwa aliogopa kufunua ukurasa na kuacha pengo la kimya.

Kelele iliisha. Yeye hakuacha. Verlin alikaa pembeni na redio na daftari, akiita na kuandika. Ghala la ngano lilikuwa limepoteza nusu yake ya juu. Mlingoti haukuonekana. Kanisa halikuwa na paa. Watu mia moja sitini na watatu walikuwa ndani ya chumba hicho. Thelathini na wanane walikuwa mashambani au kazini miji mingine, na wote walijibu. Kumi na watatu walikuwa wameshuka majumbani kwao kabla ya tahadhari yoyote. Wa kwanza kati yao alikuwa Opal. Jumla ilikuwa mia mbili na kumi na wanne. Saa kumi na moja na dakika hamsini na nane Verlin alimwonyesha Brenda daftari na kidole gumba.

Brenda alishusha kijitabu.

"Endelea, dada," Lorene alisema.

Verlin alifungua mlango. Mwanga ukaingia kutoka juu, mahali ambapo zamani palikuwa na paa. "Kimeisha," alitangaza. "Mnaweza kutoka."

Hakuna aliyetoka.

"Verlin, bwana, funga huo mlango," Mzee Harvey alisema. "Upepo unaingia, hatusikii."

"Mzee, kimbunga kimeisha."

"Kijitabu hakijaisha."

Brenda aliwatazama, mmoja mmoja, wote wakiwa na vumbi kichwani. Kisha akainua kijitabu, akasoma jinsi ya kumwaga maji ya tangi kabla ya majira ya baridi, masharti ya dhamana, na anwani ya kiwanda. Saa kumi na mbili na dakika saba alifika mwisho wa ukurasa wa mwisho. Wasikilizaji wake mia moja sitini na wawili walisimama na kupiga makofi.

Galen alisogeza tochi karibu, akachungulia jalada la nyuma.

"Upande huu kuna Kifaransa," alisema.

Brenda hakujua hata neno moja la Kifaransa. Saa kumi na mbili na dakika tisa aligeuza kijitabu, watu wakaketi, naye akaanza.